Mlima Usiopigiwa Kelele

Mvua ya mawe iliwakuta mahali pabaya kuliko pote katika njia ile, pale ambapo mtu hana pa kwenda ila mbele au nyuma. Kushoto ulisimama ukuta wa mwamba. Kulia palikuwa na mteremko wa mawe yaliyolegea, ukishuka na kupotelea ukunguni. Ongdup Lepcha, kiongozi wa msafara, aligeuka kuwaambia wageni wake wainame, akamwona mmoja tu.

"Mzee yuko wapi?" alinong'ona.

Paramita Lahiri aligeuka. Dakika chache kabla, baba yake alikuwa hatua tano nyuma yake, akihema, darubini kifuani, kichwani ile kofia ya sufu ya kahawia inayoziba masikio na kidevu. Wazee wa Kolkata wakisikia tu neno mlima huitoa kofia hiyo sandukuni, hata iwe Aprili. Sasa nyuma yake kulikuwa na ukungu mtupu na vipande vya barafu vikidundadunda njiani.

Alifungua kinywa amwite. Ongdup akamziba.

Alimziba kwa kiganja kizima, na mkono wa pili akamshika kisogo asijichomoe. Paramita alimng'ata. Meno yaliingia kwenye nyama ya chini ya kidole gumba na damu ikamtoka Ongdup, lakini hakumwachia.

"Usiite," alimwambia sikioni. "Ukiita hapa itazidi. Unataka imshukie tena akiwa huko chini?"

Jambo lenyewe lilianza asubuhi ya siku hiyo, kwenye jiwe la mpaka, pale nyuzi za sala zinapofungwa. Ongdup alichoma vijiti vya mreteni, akangoja moshi upande, ndipo akawaambia wageni wake yale anayowaambia wote. Kuanzia hapa hakuna kupaza sauti. Mwenye mlima hapendi, na anayempigia kelele hujibiwa kwa mawe ya barafu. Atakayehitaji kitu agonganishe mawe mawili, mara mbili, naye atakuja.

Hakuwa akiwatania. Alifundishwa hivyo na mjomba wake Hishey, na Hishey alifundishwa na wakubwa zake. Chini kijijini iliki ilikuwa imechanua, na robo saa ya mvua ya mawe humaliza maua yote, ukabaki mwaka mzima huna kitu. Mtu aliyeimba kwenye ukingo ule mwezi wa Aprili angeweza kuchapwa, na asipate wa kumtetea. Isitoshe, ukimya ndio uliompa Ongdup jina. Viongozi wengine waliwasha sauti za ndege kwenye simu ili kuwavuta. Yeye hakuhitaji simu. Wageni wake walitembea kimya na ndege wakawajia, na kwa miaka kumi na minne watu walimwandikia barua za kumsifu. Kupiga kelele kukawa kwake ni aibu, kama kutembea uchi. Mkewe alikuwa akilalamika kwamba hajui lini anagombezwa na lini anabembelezwa.

Mzee Nirupam Lahiri aliipenda sana amri ile. Alikuwa mkuu wa posta mstaafu, mtu wa taratibu, mwenye daftari la ndege mia nne tisini na tisa aliowaona kwa macho yake. Wa mia tano alitaka awe munal dume, yule kwale mkubwa mwekundu mwenye madoa meupe na vipembe vya buluu, ambaye watu hupanda milima ile mara tatu wasimwone.

"Kijana, usiwe na wasiwasi na mimi," alimwambia Ongdup pale kwenye jiwe. "Nimefanya kazi posta miaka thelathini na sita. Hata nikiungua nitajaza fomu kwanza."

Akacheka kwa utani wake mwenyewe. Kicheko kiligonga mwamba, kikarudi. Ongdup alitazama juu. Mjomba Hishey, mpishi wao, ambaye ndiye aliyepaswa kutembea wa mwisho, alikunja uso, akajitwika masufuria na mahema, akatangulia kambini ng'ambo ya mto. Ndiyo maana hapakuwa na mtu nyuma ya mzee wakati ukingo wa njia ulipomeguka. Na mvua ilipoanza, wazo la kwanza la Ongdup, Mungu amsamehe, lilikuwa kwamba mzee amejiletea mwenyewe.

Alimwachia Paramita alipohakikisha hataita. Walitambaa hadi ukingoni. Udongo ulikuwa umekatika kipande cha urefu wa mtu, mbichi, na chini yake hakikuonekana kitu. Ongdup aliokota mawe mawili akagonga mara mbili. Wakasikiliza. Mteremko mzima ulikuwa ukigonga. Barafu ilipiga mawe, mawe yakaviringika na kupiga mengine, na huwezi kujua lipi limegongwa na mkono wa mtu.

Aligonga tena. Aligonga mpaka mvua ya mawe ikaisha na theluji laini ikaanza. Alijaribu kushuka mara mbili, na mara zote mbili mawe yalimkimbia chini ya miguu, nusura ayafuate. Giza lilipokaribia alimvuta Paramita chini ya mwamba uliojitokeza kidogo, akamfunika kwa turubai, akajaza barafu kwenye kikombe cha bati na kuiyeyusha kwa kuikumbatia tumboni, kwa kuwa gesi alikuwa nayo Hishey.

"Kunywa kidogo kidogo. Na kula huu unga wa shayiri, hata kama hutaki."

"Niache nimwite mara moja tu," Paramita alisema. Midomo yake ilikuwa imepasuka. "Mara moja, kaka. Akijibu tunajua yuko wapi."

"Sasa hivi ana nguo zilizolowa. Ikimshukia ya pili amekwisha."

"Na kama hakuna ya pili?"

Ongdup alimsogezea kikombe. Paramita alikuwa mwalimu wa kemia, na kesho yake na siku zote baadaye angejiuliza ni kitu gani kilichomfanya amtii mtu yule. Lakini alikuwa amechoka, alikuwa anatetemeka, na yule ndiye aliyeujua mlima. Alikohoa, akanyamaza.

Asubuhi ukungu uliondoka wote kwa mkupuo, na jua likawaka kama vile hakuna lililotokea. Ongdup aliiona kofia ya kahawia kabla hajasimama vizuri. Ilikuwa chini yao pale pale, kwenye kichaka kifupi cha gurasi, mmea wa maua mekundu wa milima ile. Baadaye alipima kwa miguu. Hatua arobaini.

Walishuka kwa kutambaa, mawe yakiwa yameshikwa na theluji, wakamkuta mzee Lahiri hai. Mguu wa kulia ulivunjika chini ya goti na mfupa ulitokeza kupitia suruali. Uso ulikuwa wa kijivu. Mkono wa kulia ulishika jiwe la ukubwa wa embe, na kucha tatu za mkono huo hazikuwepo. Mbele yake palikuwa na mwamba bapa wenye alama nyeupe, mamia kwa mamia, mahali alipogonga mara mbili, akapumzika, akagonga mara mbili.

"Baba," Paramita alipiga magoti. "Baba, kwa nini hukuita?"

"Tuliambiwa tusipaze sauti," alisema mzee. Alisema kwa kunong'ona, lakini sauti yake ilikuwa nzima kabisa. "Niliwasikia mkigonga. Nikajibu. Nilikusikia hata ukikohoa, Paru, nikasema huyu mtoto hakuvaa skafu."

Ongdup aligeuza uso. Alitafuta kazi ya mikono yake, akaanza kufungua miguu mitatu ya darubini kubwa aliyokuwa akimbebea mzee ili aifanye magongo ya kufungia mfupa.

"Kijana," mzee alimwita. "Alfajiri alikuja dume. Hapo, kwenye hilo jiwe. Alinitazama muda mrefu kwa sababu nilikuwa kimya. Niandikieni, vidole vyangu havishiki kalamu."

Paramita alitoa daftari kifuani mwa baba yake akaandika mia tano, na tarehe. Ongdup alikuwa amewapenda ndege tangu utotoni. Asubuhi hiyo aliwachukia wote.

Walimfunga mguu, na mzee akauma mkanda wa darubini asije akalia kwa nguvu. Hakuna aliyemwambia auume. Ongdup alivunja begi lake la mgongoni, akabakiza fremu, akakata mianzi na kuisuka kiti, akageuza skafu ya Paramita kuwa mkanda wa paji la uso, kama wapagazi wanavyobeba tenga. Mzee alikaa akitazama nyuma. Hakuwa mzito, na hilo lilimtia Ongdup hofu zaidi.

"Mimi sikuoni, mzee," alimwambia. "Gonga mwanzi kila mara nijue uko macho."

Ko, ko, mzee aligonga kwa jiwe lake. Hakukubali kuliacha.

Walishuka tangu asubuhi hadi alasiri. Theluji ilikuwa imelainika na ilimeza miguu hadi magotini. Kwenye mianzi Ongdup aliteleza mara mbili, na mara zote mbili aliangukia magoti makusudi ili mguu wa mzee usiguse kitu, mpaka suruali yake ikachanika na nyama ikachubuka. Paramita alitembea nyuma, uso kwa uso na baba yake, akimpa maji kwa kifuniko cha chupa. Aliona midomo ikigeuka buluu. Aliona damu ikipita kwenye kitambaa, ikidondoka juu ya theluji nyuma ya kisigino cha Ongdup, na yeye akilazimika kuikanyaga.

"Bado mbali?"

"Tukivuka mto tu. Kambi iko hapo."

Ko, ko, fremu iligongwa. Kisha kwa muda mrefu kimya, kisha ko.

Daraja la magogo halikuwepo. Maji ya mvua yalikuwa yamelibeba, na mto ulipita mweusi na wenye kelele, umejaa vipande vya barafu. Ng'ambo, juu kidogo, kwa mwendo wa hatua mia mbili, palikuwa na kibanda cha wachungaji wa yaki, wale ng'ombe wa manyoya marefu, na moshi ulitoka kwenye paa la mbao. Mahema ya Hishey yalikuwa yamesimamishwa pembeni. Ongdup aliweza kuona sufuria lao.

Aliokota mawe, akagonga. Hata yeye mwenyewe hakusikia.

"Gonga, mzee," alisema.

Hakusikia kitu.

"Mzee, gonga mara moja tu."

Alihisi mkanda ukimkaza kwenye paji la uso, mzigo ukiegemea upande mmoja. Paramita alikuwa amemshika baba yake mashavu kwa mikono miwili. Jiwe lilianguka kutoka kwenye tenga, likabingirika hadi majini.

Ndipo Ongdup akapiga kelele. Mara ya kwanza ilitoka sauti ya ovyo, ya mtu aliyesahau inavyofanywa. Ya pili ilitoka tumboni, ikavuka mto, ikapiga mwamba wa ng'ambo, ikarudi na kuwapita. Aliita jina la mjomba wake. Aliita njooni, aliita kamba, aliita maneno yasiyo na maana. Ndege waliruka kutoka mianzini pande zote mbili. Aliita mpaka mishipa ya shingo ikamsimama na mate yenye damu yakamjaa kinywani.

Hishey alitoka kibandani mbio, na nyuma yake wachungaji wawili wenye kamba. Hakuna aliyejibu. Walishuka mteremko huku Hishey ameweka kiganja mdomoni mwake, akimwonyesha Ongdup: ziba, ziba. Walifunga kamba kwenye mti, wakavuka maji yakiwafika kifuani.

"Umerukwa na akili?" Hishey alinong'ona huku meno yakigongana kwa baridi. "Iliki imechanua. Unataka kijiji kizima kilale njaa?"

Kisha akaona kilichokuwa mgongoni mwa mpwa wake, akavua kofia.

Shingo ya mzee ilikuwa bado ina joto. Pumzi haikuwepo. Paramita alimvutia baba yake ile kofia ya sufu vizuri, akafunga kifungo chake chini ya kidevu, akafuta theluji kwenye nyusi zake. Halafu akamgeukia Ongdup. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama anavyouliza mtu asiyejua jambo na anayetaka kulijua.

"Jana sauti hiyo ilikuwa wapi, kaka?"

Waliwavusha wote kwa kamba, walio hai na asiye hai. Wachungaji walimpa Paramita chai ya chumvi na siagi, wakamkalisha karibu na moto. Ongdup alikataa kuingia. Alikaa nje juu ya jiwe, kiganja chake chenye alama za meno kimefunguka juu ya goti, akitazama ukingo walikotoka.

Alikuwa anangoja mvua ya mawe. Aliitaka. Aliiomba kwa jina la mwenye mlima, yeye mwenye miche ya iliki mia tatu nyuma ya nyumba yake. Iharibu maua yote, yake na ya majirani. Watu waje mlangoni na fimbo. Inyeshe kidogo tu, dakika moja, ya ukubwa wa punje za mahindi, ili ajue kwamba aliziba kinywa cha yule binti kwa sababu.

Anga lilikuwa jeupe. Jua lilizama bila wingu, na kesho yake likachomoza bila wingu, wakati wanaume wa kijiji walipokuja kumbeba mzee hadi barabarani. Mvua haikunyesha siku hiyo wala iliyofuata. Mwaka ule iliki ilizaa kuliko miaka yote, na majirani walimpelekea Ongdup kikapu cha iliki kwa shukrani.