Waimbaji wa Mlango wa Upasuaji

Kwa heshima na taadhima, natangaza kisa cha mapenzi matukufu, yaliyoanza pale fundi cherehani alipomkanyaga mwanaume kidole gumba kwenye stendi ya mabasi.

Fundi alikuwa na gauni la bibi harusi begani, amechelewa, na kundi la watu wanaoimba jina la Mungu lilikuwa limeziba njia kwa ngoma na matoazi; mwanaume huyo ndiye aliyeshika matoazi.

"Nipishe, kaka."

"Umeshapita, dada. Juu ya mguu wangu."

Fundi akacheka, na mapenzi yakaanzia hapo. Mwaka mzima alimwita Matoazi, naye akaitwa Fundi wangu, wakipigiana simu hadi masikio yakapata moto. Isipokuwa alfajiri. Alfajiri Matoazi alikaa na tasbihi, akirudia jina lile lile la Mungu, na hakupokea simu mpaka amalize.

Alfajiri moja mama yake Fundi alianguka jikoni. Fundi alimpigia Matoazi simu, akapiga tena. Iliita bure. Akiwa ndani ya gari la wagonjwa alimtumia ujumbe: "Endelea kusali. Usinitafute."

Mama aliingizwa kwenye upasuaji, mlango ukafungwa. Fundi alibaki kwenye benchi, koti juu ya gauni la kulalia, akihema kama aliyekimbizwa. Matoazi akatokea, ameelekezwa na majirani, shati amekosea vifungo vyote.

"Mpenzi—"

"Mpenzi wako nani? Si nilikupigia?"

"Nilisikia. Nikaacha iite."

"Ungekatisha kidogo tu, Mungu angenuna?"

"Asingenuna. Mimi ndiye niliyejifanya mtakatifu."

Fundi alitaka kumfukuza, lakini pumzi iligoma, vidole vikafa ganzi.

"Hayo maneno yako ya alfajiri," alisema kwa hasira. "Haya, yaseme basi."

Matoazi aliimba chini chini. Fundi akafuata, akakosea, akafuata tena. Pumzi ikaanza kushuka polepole, ikatulia tumboni. Baba mmoja aliyekuwa akimngoja mkewe akaitikia. Mara benchi zima likaitikia, pamoja na mlinzi aliyekuja kuwanyamazisha.

Mlango ukafunguka. Muuguzi alishusha barakoa taratibu, na Fundi akaukamata mkono wa Matoazi mpaka mifupa ikalia.

"Mama ameamka. Anauliza ni nani huyo anayemnyima usingizi."

Fundi alimtazama Matoazi, na lile shati lake la aibu.

"Mwambie ni mkwewe."

Mbona mnanitazama hivyo? Nilisema nasimulia kwa taadhima. Ni vumbi tu limeniingia machoni.

Haya, sawa. Nimelia.