Kipande Kisicho cha Panya

Gerda Skytte alikuwa amekata maini ya panya miaka thelathini na mmoja, na hakuna siku aliyoacha uchafu kwenye beseni lake. Ndiyo maana Jumatatu ile ya Novemba, alipofungua chumba cha kukatia akakuta kipande kinaelea majini kabla hajawasha hata mashine, alianza kwa kukasirika. Woga ulikuja baadaye.

"Nani kagusa vitu vyangu?" aliuliza.

Hakukuwa na mtu wa kumjibu. Ufunguo wa chumba kile ulikuwa mmoja, na ulikuwa mfukoni mwake.

Kazi ya maabara ile, nje kidogo ya Odense, ilikuwa ya kuchosha na isiyo na sifa. Panya walipewa dawa mpya ya saratani miezi sita, kisha wakauawa. Maini yao yaligandishwa kwenye nta. Gerda aliyakata kwa kisu cha mashine, vipande vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, akaviweka kwenye maji ya uvuguvugu vinyooke, akavichota kwa kioo chembamba na kuvitia rangi. Daktari Merete Hvolby ndiye aliyevisoma kwa darubini na kuandika kama dawa imeharibu ini au haikuharibu. Bila maandishi yake dawa haikumfikia mgonjwa.

Hutokea kipande cha panya mmoja kubaki majini kikapanda kioo cha mwingine. Ni aibu ya mkataji. Gerda alikichota, akakitia rangi na kumpelekea Merete, amenuna.

"Umekula mkate wako juu ya beseni, eti?" Merete alimtania, kwa kuwa kila mchana Gerda alikula mkate mweusi uliopakwa ini la nguruwe lililosagwa.

"Nile mimi nibakishe? Hunijui wewe. Tazama, uniambie ni cha panya yupi."

Merete akainamia darubini. Mzaha ukamkauka mdomoni. Kilikuwa kipande cha ini, lakini si la panya. Lilikuwa ini la mtu, na lilikuwa linakufa, seli zimevimba na kupasuka kuzunguka mishipa, vilevile kama alivyoona kwenye panya wiki tatu mfululizo.

"Tupa," alisema.

"Ni cha nani?"

"Nimesema tupa, Gerda."

Sasa ni hivi. Msomaji wa vioo hatakiwi kujua panya gani kapewa dawa na gani kapewa maji matupu, ili jicho lake lisipendelee. Orodha hukaa ndani ya bahasha mpaka amalize. Merete aliifungua bahasha mapema. Kila panya wa dawa aliyestahili alama ya nne, yaani ini limeoza, alimwandikia moja. Mwanawe Sidsel, miaka ishirini na minne, alikuwa na saratani ya utumbo iliyokwisha ingia kwenye ini, na madaktari wake walikuwa wamemaliza dawa zote. Hii ndiyo iliyobaki. Ripoti ya panya ilitakiwa Ijumaa, na Jumatatu inayofuata Sidsel angekuwa miongoni mwa watu wa kwanza kutundikiwa chupa ya dawa hiyo. Sidsel alitumia jina la ukoo la baba yake, kwa hiyo pale maabara hakuna aliyejua. Watu waliosoma sana hudhani siri ikikosa karatasi basi haipo.

Jumanne kipande kilikuwa kikubwa kama stempu, na hakikungoja kuchotwa. Kilikuwa tayari juu ya kioo, kimekwisha tiwa rangi, na pembeni pameandikwa kwa penseli, kama waandikavyo wakataji, maana wino huyeyuka kwenye dawa za kuoshea. Haikuwa namba ya panya. Ilikuwa tarehe ya kuzaliwa na tarakimu nne nyuma yake, ile namba ambayo kila mtu katika nchi ile hupewa akiwa bado mchanga. Merete aliijua namba ile kuliko yake.

Jumatano Gerda alibana kisu cha chuma juu ya mlango. "Bibi yangu kule Jutland alifanya hivi," alinong'ona. "Jini halipiti chini ya chuma. Na mtu akifa tulimfungulia dirisha, roho isikwame ndani."

"Hapa hajafa mtu!"

"Mbona unapiga kelele basi?"

Alasiri ile, saa kumi, giza la Novemba lilikuwa limekwisha ziba madirisha. Wakasikia gurudumu la mashine ya kukatia likizunguka kule chumbani, kra, kra, polepole, na walipofika mlangoni ikawajia harufu ya nta ya moto, na ndani ya nta ile harufu nyingine ambayo Merete aliitambua kabla hajataka kuitambua, harufu ya utosi wa mtoto aliyetoka kuogeshwa, na gurudumu bado likazunguka ingawa lilikuwa limefungwa kwa kufuli, na kile kisu alichokibana Gerda juu ya mlango hakikuwa juu ya mlango tena, kilikuwa ndani ya mashine, kimelowa, na kutoka kwenye makali yake ukanda mwembamba wa waridi uliteremka kipande baada ya kipande mpaka majini bila mkono wa mtu kuushika.

Merete alikaa sakafuni.

"Linamkata mwanangu," alisema. "Gerda, linamkata Sidsel."

Akamwambia yote, bahasha, alama, Jumatatu. Gerda hakumkumbatia wala kumpa pole. Alivuta kiti akaketi.

"Halimkati," alisema hatimaye. "Lingekuwa linamkata lisingekuletea vioo. Mimi nakata ili kisomwe. Nalo linataka usome."

"Nikisoma kweli, anakufa."

"Na ukisoma uongo?"

Merete alifuta uso kwa mkono wa koti.

"Basi kwa dawa hiyo ataoza ini, na wewe ndiye uliyeshika chupa. Inuka, bibi wee, sakafu ina baridi."

Alhamisi kutwa Merete alisoma upya vioo vyote. Nne. Nne. Tatu. Nne. Ijumaa kabla ya saa sita mchana alituma ripoti, na chini yake akaandika kwamba bahasha aliifungua yeye. Saa nane jaribio likasimamishwa. Jioni akaendesha baiskeli kwenda kwa Sidsel, mvua inamchapa, akamkuta dirishani na simu mkononi.

"Wameniambia ni maini ya panya," Sidsel alisema. "Nani kaandika, Mama?"

"Mimi."

Sidsel aliweka simu mezani.

"Si ungeniacha nijaribu tu," alisema. Kisha akaenda kuchemsha kahawa, kwa sababu mgeni ni mgeni hata akiwa mama yako.

Merete alivuliwa kazi ya kusoma. Wakamwachia kufunga maboksi ya vioo vya zamani. Alidhani lile jini limeondoka. Jumatatu ile ile, saa ambayo chupa ingetundikwa, Gerda alikuja na kioo kwenye kiganja, uso umemsawijika.

Seli zilikuwa nzima. Hakuna sumu, hakuna kuoza. Ila pembeni kulikuwa na uvimbe, wa zambarau, umejaa, umekula robo ya ini.

Wiki iliyofuata theluthi. Baada ya Krismasi, nusu. Merete hakuvitupa tena. Alivisoma kila kimoja, akaandika kwa penseli alichokiona, bila kupunguza, kisha jioni akaenda kwa Sidsel na supu. Hakumuuliza anajisikiaje. Alikuwa anajua.

Asubuhi moja ya Februari alimkuta Gerda amesimama kwenye beseni. Maji yalikuwa yametulia, meupe, hayana kitu.

"Limeondoka?" Merete aliuliza. "Gerda, limeondoka?"

Simu ikaanza kuita mfukoni mwa Merete. Gerda alikwenda kwenye dirisha la zamani, akang'ang'ana na komeo lililoshika kutu, akalifungua lote.