Bibi Apata Kumi kwa Kumi

Kila asubuhi, kabla ya kufanya lolote, Chiriku alimvalisha bibi yake viatu. Jina hilo la utani alipewa na bibi mwenyewe, kwa kuwa tangu ajue kusema hakuwahi kujua kunyamaza. Bibi alikuwa fundi cherehani. Tangu afanyiwe upasuaji wa uti wa mgongo miezi mitatu iliyopita, hakuwa amekanyaga cherehani chake, na hamu ya kazi ilikuwa ikimtafuna.

Siku ya kwanza ya likizo waliongozana kwenda kliniki. Leo daktari angeamua kama bibi arudi kazini. Chiriku alikuwa na furaha kuliko bibi.

Muuguzi aliwapa madodoso mawili, moja refu na jingine fupi.

"Tunayalinganisha," alieleza. "Wagonjwa wetu wote wa mgongo wanajibu yote mawili, tujue lipi linaonyesha vizuri maisha yao baada ya upasuaji. Bibi ataje namba, sifuri hadi kumi. Wewe mjukuu, izungushie."

Bibi alikuwa amesahau miwani, kwa hiyo Chiriku ndiye aliyesoma.

"Ganzi ya mguu, bibi?"

"Sita. Huu wa kushoto siusikii vizuri."

"Kutembea?"

"Mh! Weka tano."

Chiriku alikunja uso. Sita! Tano! Darasani kwao nani alipewa zawadi kwa alama hizo? Bibi angefeli, na ruhusa ya kazi ingeota mbawa. Basi akazungushia kumi, kisha kumi tena, juu mpaka chini, kwenye madodoso yote mawili.

Muuguzi alipoyapokea, aliruka kutoka kitini.

"Daktari, njoo uone! Kwenye dodoso fupi, ambalo kumi ni hali njema, huyu bibi anaweza hata kuruka kamba. Kwenye refu, ambalo kumi ni shida kubwa, ni wa kulazwa sasa hivi!"

"Nilazwe?" Bibi alishika kiuno. "Mimi niliyekuja kwa miguu yangu?"

Daktari alimtazama akitembea, akacheka. "Labda hili refu limekuchanganya, bibi. Tukifuata hili fupi, leo nakupa ruhusa."

Bibi alipiga kigelegele, akidhani daktari ameshaiona sita yake. Ruhusa ndiyo hiyo! Chiriku alihitaji kunyamaza tu. Lakini alikumbuka ule mguu wa kushoto.

"Daktari, ni mimi!" alipayuka. "Bibi alisema ganzi ni sita, nikaandika kumi. Nilidhani ni mtihani!"

Alitamani ardhi ipasuke immeze. Bibi naye akaangua kicheko.

"Mke mwenzangu, umenifaulisha mtihani nisioufanya!"

Daktari hakucheka. Alimvua bibi kiatu, akapitisha ncha ya kalamu kwenye wayo wa kushoto. Bibi hakuhisi kitu.

"Kwa mguu huu ungeanguka siku ya kwanza kazini," alisema. "Fanya mazoezi ya viungo wiki sita kwanza."

Walijibu upya, namba za kweli. Ghafla muuguzi akapiga makofi.

"Tazameni! Dodoso fupi halina swali la ganzi hata moja! Ndiyo maana tunalinganisha!"

Wiki sita baadaye walirudi.

"Ganzi, bibi?"

"Moja."

Sifuri ingependeza zaidi, lakini Chiriku alizungushia moja. Daktari alipitisha kalamu kwenye wayo, na bibi akauvuta mguu kwa kelele.

"We daktari, unanitekenya!"

Wote walishangilia. Daktari aliandika ruhusa, na bibi akamkumbatia mjukuu wake.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alimwambia. "Ukinipenda, usinipe alama nzuri. Sema ninavyoumwa, hata kama namba haipendezi. Haya, twende, nina magauni ya watu!"

Akatoka mlangoni kwa kasi, Chiriku akimkimbilia nyuma.