Si Shangazi Yangu

Kila asubuhi Hanifa aliteka maji kisimani, akafagia ua, kisha akanywa chai kwa mihogo pamoja na Bimkubwa kabla ya kwenda shule. Bimkubwa alikuwa mdogo wake marehemu mama yake. Ndiye aliyemlea Hanifa tangu hajaota meno, na kijiji kizima cha Munje kilijua kuwa ni mama yake mdogo.

Wiki ile shule ilikuwa ikijiandaa kwa siku ya wazazi. Kila mwanafunzi wa Gredi ya Sita angemtambulisha mzazi au mlezi wake. Mwalimu Caroline, mgeni kutoka bara, alimkatiza Hanifa katikati ya mazoezi. Alimweleza kwamba dada wa mama huitwa shangazi, na kwamba asiwachanganye watu kwa kusema ana mama ilhali mama yake amefariki.

"Shangazi ni dada wa baba, mwalimu," Hanifa akasema. "Huyu ni mama yangu mdogo. Siwezi kusema uongo mbele ya watu."

Mwalimu aliuona huo ni ukaidi. Akamwambia kuwa asipolitamka neno alilofundishwa, hatamtambulisha mtu. Baya, aliyeketi naye dawati moja, alimnong'oneza alitaje tu yaishe. Hanifa alikaza uso.

Nyumbani Bimkubwa alimsihi amtii mwalimu. Yeye hakujali kuitwa vyovyote. Lakini alipokuwa akisema hivyo, hakumtazama Hanifa usoni.

Siku ilipofika, zamu ya Hanifa ilirukwa. Bimkubwa, aliyejifunga leso mpya, aliinamisha kichwa. Hapo Hanifa akasimama bila kuitwa.

"Shikamooni wazee wangu. Yule pale ni Bimkubwa, mama yangu mdogo. Mama alinizaa, yeye akanilea. Sitamwita jina jingine."

Mwalimu mkuu, Bwana Mbarak, aliinuka, akamwagiza Hanifa aombe radhi kwa kusema bila ruhusa. Akaomba. Kwa neno lenyewe hakuomba.

Kisha mwalimu mkuu akawaeleza wote kwamba dada wa baba ni shangazi, na dada wa mama ni mama, mkubwa au mdogo. Mwalimu Caroline akamwendea Bimkubwa, akamshika mkono.

"Nilikosea, mama Hanifa. Njoo ukae mbele."

Bwana Mbarak akawageukia wanafunzi. "Jina la udugu ni haki ya mtu," alisema. "Ukiujua ukweli, useme kwa adabu. Lakini usiuache."