Lori la Saa Mbili na Kumi

"Sindano, Sindano, hapa Kinu."

Pikipiki yake, Boxer, ilikuwa imeshika tisini. Segera ilishabaki nyuma, Kabuku ilikuwa mbele, na upepo wa asubuhi uliingia ndani ya helmeti bila kupiga hodi.

"Kinu, sema."

"Mkonge umekatwa. Narudia, mkonge umekatwa. Kapige picha daftari la geti, kisha uje Korogwe. Mtu wetu anapanda kwa hakimu saa nne."

"Nimekupata." Kwa lugha yao ya redio, kesi ilikuwa imekamilika.

"Na hongera. Mkubwa kakutaja kikaoni. Mara mbili."

Sindano, yaani Faudhia, alikaza mafuta. Mtu akipongezwa hucheka. Yeye alijisikia kama kameza mwiba wa samaki, haupandi wala haushuki.

Mtu wetu.

Mtu wetu alikuwa Bernardo, karani wa mizani, zamu ya usiku, kwenye geti la kampuni ya Zigua Kamba pale Kabuku. Babu yake alitoka Msumbiji kuja kukata mkonge, na ukoo haukurudi tena. Sasa Bernardo alikuwa na mke huko Kilole, mjini Korogwe, mtoto mmoja, na siku tisa za mahabusu.

Faudhia ndiye aliyempeleka.

Wiki tatu alikaa nje ya geti lile kila jioni akijifanya muuza chapati. Chapati zenyewe zilikuwa ngumu, ungeweza kuzibia pancha ya trekta. Wateja walionja mara moja wakahama. Bernardo peke yake ndiye aliyerudi. Alinunua mbili, akatafuna kwa subira, akasema, "Leo umejitahidi, dada." Na siku askari walipomvamia, pingu zikiwa tayari mkononi, alimgeukia muuza chapati akamnong'oneza.

"Dada, kimbia. Hawa watu wabaya."

Neno hilo halikumtoka Faudhia. Alikula nalo, akaoga nalo.

Lakini ripoti ilikuwa ripoti.

Faudhia hakuwa jasusi wa kuruka madirisha. Magoti yalishakataa. Silaha yake ilikuwa Toughbook, kompyuta ya mgongo mgumu, na ndani yake Power BI, programu ya kuchambua takwimu. Wengine walifuata watu vichochoroni, yeye aliiuliza kompyuta maswali, nayo ikamchorea majibu kwa nguzo za rangi.

Na swali lilikuwa moja. Mchanga wa dhahabu ulikuwa unaibwa kwenye machimbo ya Kang'ata, unafichwa ndani ya marobota ya mkonge, unapita Kabuku kwenda kwa wanunuzi wa ng'ambo. Namba za malori matatu zilijulikana. Malori hayo yakipita getini, tiketi ya mizani haikuonekana. Basi Faudhia akachukua jedwali la geti, lenye tarehe na saa, akaliunga na jedwali la zamu. Akauliza: malori haya yakipita, nani yuko kwenye mizani?

Kompyuta ikajibu bila kupepesa.

Safari kumi na moja. Zote Alhamisi. Zote kwenye 2:10. Saa nane usiku na dakika kumi. Bernardo, Bernardo, Bernardo.

Idara iliotea lori usiku wa Alhamisi mara tatu. Mara tatu walikamata mbu. Wakubwa wakasema, mnaona? Kawatonya wenzake kwa simu. Na Bernardo alipoulizwa alijibu jambo moja tu: "Usiku marobota hayapiti hapa." Chumba kizima kilimcheka.

Faudhia naye alicheka. Kidogo. Lakini alicheka.

Kabuku.

Alizima pikipiki mbele ya kibanda cha geti. Mzee Sabiri, mlinzi, alikuwa ndani na daftari lake na kalamu iliyofungwa kamba, maana watu hawaaminiki.

"Shikamoo, mzee Sabiri."

"Marahaba, mwanangu. Ee! Mama chapati! Leo na pikipiki? Kumbe zile chapati zilikuwa zinalipa?"

Faudhia akamwonyesha kitambulisho. Mzee akakisoma, akakigeuza, akakisoma tena nyuma ambako hakukuandikwa kitu.

"Serikali," alisema. "Sasa naelewa kwa nini zilikuwa ngumu."

"Naomba daftari, mzee. Napiga picha naondoka."

"Andika kwanza. Jina na saa. Hata uje na kofia ya jenerali, hapa unaandika kwanza."

Faudhia akatazama saa yake ya Casio mkononi. Akaandika jina. Akaandika 7:52.

Sabiri akavaa miwani. Akainama. Akacheka mpaka akakohoa.

"Saa saba? Mwanangu, saa saba ya wapi? Mie hata chai sijanywa!"

Akakata kwa mstari mmoja. Juu yake akaandika kwa mkono wake mzito: 1:52.

Faudhia aliitazama ile namba.

Akaweka kidole juu yake.

"Mzee. Unaandika hivyo siku zote?"

"Saa moja na dakika hamsini na mbili. Niandikeje, kichina?"

"Na ofisini wanaipiga kwenye kompyuta vivyo hivyo?"

"Kama nilivyoandika. Wakibadilisha nitawauliza."

"Na hili ni daftari la usiku au la mchana?"

"Mchana. La usiku halipo, karani wa usiku hupima majani ya mkonge ya humu humu shambani. Usiku marobota hayapiti hapa."

Maneno yale yale. Safari hii hakuna aliyecheka.

Mwanamke aliyezaliwa Handeni, aliyeambiwa tangu utotoni kwamba shule inafunguliwa saa moja, anayejua kwamba saa mbili asubuhi ndipo maduka yanafunguka, alikaa mbele ya kioo cha kompyuta akaisoma saa kama aliyeshushwa na ndege jana. Alipochagua safu ile iwe saa, programu iliichukua 2:10 ikaiweka usiku wa manane, kwa sababu hakuna aliyeiambia vingine. Na kama angelitazama jedwali zima, angeona hakuna hata lori moja lililopita baada ya 12:59. Geti gani hilo, mchana linakufa?

Hakutazama. Alikuwa na haraka ya kusifiwa.

Akafungua Toughbook juu ya meza ya Sabiri. Akaenda kwenye swali lake, akaongeza mstari mmoja tu: kila saa ya geti, ongeza saa sita. Akabonyeza.

Nguzo nyekundu kumi na moja zikang'oka kwa Bernardo. Zikahamia zamu ya mchana, zikasimama juu ya jina lingine.

Gerald. Meneja wa mizani. Mtu wa manukato na shati la kunyooshwa.

"Kinu, hapa Sindano. Nimekutumia ripoti mpya. Mtu wetu si mtu wetu."

Mzee Filemoni, ambaye redioni aliitwa Kinu, alikuwa anaifungua. Kisha akapumua.

"Sindano, faili limefungwa. Mkubwa kashapongezwa na mkubwa wake."

"Basi lifunguliwe."

"Kwa nguzo za rangi? Nguzo ndizo zilizomfunga. Niletee mchanga."

"Leo Alhamisi, mzee. Nipe vijana."

"Vijana wamelala. Walikesha tena wakiotea lori lako la saa nane usiku."

Alistahili hilo. Akalimeza.

"Mzee Sabiri, lori la Alhamisi linakuja saa ngapi?"

"Saa mbili na kumi, halikosi. Bosi Gerald analipima mwenyewe, na mie ananiambia nenda kanywe chai. Mtu mwema sana."

Casio ilisema 8:03. Yaani saa mbili na dakika tatu. Sasa alijua kuhesabu.

Akajitanda khanga juu ya jaketi. Bastola yake, Beretta, ikaingia kwenye kikapu alichoazima kwa Sabiri.

Saa mbili na kumi, Scania nyeupe iliingia.

Marobota themanini yamefungwa vizuri, manyoya ya mkonge yanapepea. Lori likapanda juu ya mizani likatulia. Gerald akamwambia Sabiri akanywe chai, akaingia chumba cha mizani, akavuta pazia.

Faudhia akahesabu hadi tano. Akaingia.

"Hodi."

"Nani kakuruhusu?" Gerald aliruka kuziba kioo cha mizani kwa mgongo, lakini mgongo ulikuwa mwembamba. Namba zilionekana.

"Marobota themanini, bwana Gerald. Robota kilo mia mbili na hamsini. Jumla tani ishirini. Mbona mzigo unasoma ishirini na sita?"

"Mama, nenda kauze chapati."

"Zimeisha."

Beretta ikatoka kikapuni.

Gerald hakuomba radhi. Alinyakua kikombe, akammwagia chai ya moto mkononi. Bastola ikadondoka. Na madirisha, siku hiyo, aliyaruka Gerald. Pazia akaondoka nalo shingoni.

Land Cruiser iliunguruma. Ikafuata geti kwa kasi.

Boriti la geti likashuka.

Liliangukia boneti kama mchi kwenye mahindi. Kioo kikapasuka, maji yakafoka. Mzee Sabiri alikuwa ameshika kamba kwa mkono mmoja, kikombe cha chai kwa mwingine.

"Hujaandika saa ya kutoka," alimwambia Gerald.

Faudhia alifika akichechemea, mkono umeiva mwekundu, bastola kaihamishia kushoto. Pingu zikalia. Dereva wa Scania alishuka mwenyewe mikono juu, kabla hajaambiwa.

Faudhia akachana robota kwa kisu chake cha Leatherman. Nyuzi. Nyuzi. Kisha mfuko wa plastiki, mzito kuliko ukubwa wake. Mchanga mweusi, na ndani yake vichembe vinavyokonyeza jua.

Picha. Tuma.

"Kinu, mchanga ninao. Na meneja ninaye. Mtoe Bernardo."

"Nampigia mwendesha mashtaka sasa hivi." Mzee akashusha sauti. "Sindano. Tutasema mfumo ulikosea."

"Mfumo haukukosea, mzee. Uliulizwa vibaya. Aliyeuliza ni mimi. Andika hivyo."

"Nikiandika hivyo, cheo kinapotea."

"Kipotee."

Korogwe, saa nne na nusu. Shauri liliondolewa. Bernardo alitoka nje ya mahakama akiwa kapungua, suruali kaishika kwa mkono kwa sababu mkanda haujarudishwa. Josefina, mkewe, alikuwa kasimama na khanga ya kumfunika, maana shati lilikuwa linanuka.

Bernardo akamwona Faudhia. Uso ukafunguka.

"Dada chapati! Wamekuachia? Nilikuwa nawaambia kila siku, yule mama hana kosa, msimguse."

Faudhia alitamani amwagiwe chai tena.

"Bernardo, mimi sikukamatwa. Mimi ndiye niliyekukamatisha." Akamweleza. Geti, saa, swali, nguzo. Hakuficha kitu, hata kile kicheko.

Bernardo akaikaza suruali mkononi. Aliutazama ule mkono uliobabuka, kisha akatazama pembeni.

Josefina ndiye aliyesema.

"Siku tisa, mama. Mwanangu Upendo hataki shule. Anaitwa mtoto wa mwizi wa dhahabu. Bombani nikifika wenzangu wanasogeza ndoo mbali nami."

"Nisameheni."

"Hapa nani anakusikia? Mahakama imeshasikia. Njoo ukaseme Kilole."

Redio, iliyokuwa wazi muda wote, ikakoroma kiunoni. "Sindano, nimesikia. Usithubutu. Uso wako ukijulikana Korogwe, kazi ya siri kwako basi tena."

Faudhia akaizima.

Bombani Kilole kulikuwa na foleni ya wanawake kumi na tano na ndoo zao. Faudhia alivua helmeti. Akasimama juu ya tofali.

"Naitwa Faudhia. Mimi ni mpelelezi wa serikali. Bernardo huyu hakuiba kitu. Niliandika ripoti ya uongo bila kujua, na nilikuwa na nafasi ya kujua. Mwenye kosa ni mimi. Mkitaka kumwita mtu jina baya, jina langu mmelisikia."

Maji yaliendelea kumwagika kwenye ndoo iliyojaa. Hakuna aliyeyafunga.

Bernardo akamshika Josefina bega, wakaingia ndani. Hakusema nimekusamehe. Mlango alifunga taratibu, hilo tu.

Faudhia alishuka kwenye tofali. Boxer ilikuwa mwisho wa mtaa, mbele ya madirisha yote na vibaraza vyote. Miaka kumi na minane alifundishwa kupita mahali asionekane.

Alivua khanga, akaikunja, akaning'iniza helmeti kwenye kiwiko. Akatembea katikati ya njia, polepole, kichwa wazi, ili kila aliyetaka kumtazama amtazame.