Mtandao Usio na Jina

Kwa fundi Bisibisi, gemu ya mkononi isiyoshika waifai ilikuwa kazi ya kufanya huku anakunywa chai. Ndiyo maana alipoiwasha ile iliyoletwa na nesi mmoja na kuona kasoro moja ndogo, alikuna kichwa tu. Mitandao yote ya jengo haikuonekana. Ulionekana mmoja, hauna jina, mistari imejaa.

"Imeanza lini kusumbua?" alimuuliza nesi, aliyekaa kwenye stuli na sare yake ya zamu ya asubuhi.

"Tangu juzi. Huo usio na jina ulikuwa unaingia wenyewe, sasa unagoma. Nakuomba, kaka fundi, nirudishie huohuo."

Bisibisi alicheka. "Dada, huo utakuwa wa jirani yako. Hauwezi kufika huku."

"Mbona umefika?"

Bisibisi aliinama juu ya meza yake. Akazima ruta akaiwasha, akafuta mitandao ya zamani, akarudisha mipangilio mwanzo. Mtandao ule haukutikisika. Akafungua mgongo wa gemu aangalie antena, na mkono wake ukasita. Waya wa antena ulikuwa umekatika kabisa, ncha zake zimeota kutu ya kijani. Kifaa kile kilikuwa kiziwi. Kilikuwa kinasikia nini, na kwa sikio gani?

Angeirudisha hapohapo. Lakini fundi ni fundi. Aliunga waya kwa risasi ya kulehemu, akafunika mgongo, akauchagua mtandao ule.

Feni ikasimama, ingawa taa iliendelea kuwaka. Chumba kikanuka udongo mbichi, kama shimo lililochimbwa sasa hivi. Kelele za ukumbini, ambako mkewe aliuza kava za simu nyuma tu ya mlango, zikakatika. Kwenye skrini pakaandikwa: rafiki mmoja yuko hewani.

"Dada," spika ikasema kwa sauti ya kijana, taratibu. "Mbona umekawia?"

Nesi akaikumbatia gemu kifuani. "Nipo, kaka. Nipo."

"Nani huyo?" Bisibisi alinong'ona.

"Kaka yangu. Alikuwa anafanya kazi mbali, tukawa tunacheza kila jioni." Akaikaza gemu kifuani. "Alifariki mwaka jana. Lakini hajaacha kucheza."

Bisibisi hakungoja kusikia zaidi. Akausukuma mlango akatoka mbio, na mguu uliovuka kizingiti ukatua ndani ya chumba kilekile, mbele ya meza ileile, nesi yuleyule amempa mgongo, akageuka akatoka tena, akaingia tena, akapiga kelele kumwita mkewe aliyejua yuko hatua chache tu nyuma ya mlango ule, na kelele yake ikamrudia kupitia spika ya gemu, imechelewa kidogo, kama simu ya mbali. Akainyakua gemu akachomoa betri. Skrini ikaendelea kuwaka.

"Niruhusu nitoke, dada," sauti ikasema. "Huku hata pa kugeukia hakuna."

"Nakusikia, kaka."

Rafu za vipuri zikasogea. Bisibisi aliziona kwa macho yake, na nesi alipojibu tena zikasogea tena, mpaka mabega yake yakawa yanagusa chuma huku na huku na pumzi ikawa haijai.

"Usimjibu," alimnong'oneza. "Dada yangu, kila ukimjibu tunabanwa."

"Sema tu toka," sauti ikabembeleza. "Mimi ni kaka yako."

Nesi aliinua mikono yake akaitazama. Halafu akasema, kwa sauti ambayo huenda ndiyo aliyoitumia kuwapa ndugu wa wagonjwa habari za msiba, "Kaka yangu aliletwa mgonjwa, akafa kwenye wodi yangu. Nilimfumba macho kwa vidole hivi. Wewe si yeye."

Kisha spika ikacheka, na safari hii haikuwa sauti ya kijana.

"Najua. Nilikuwa nimekaa upande wa pili wa kitanda."

Nesi akapiga yowe, na Bisibisi, aliyebanwa mpaka mbavu zinalia, asiyekumbuka tena alichosikia wala alichoonya mwenyewe, akafoka kama mtu anayefukuza mbwa, "Toka! Toka humu!"

"Asante, fundi."

Mlango ukafunguka wenyewe. Kitu cha baridi kikapita kati yao. Feni ikaanza kuzunguka, rafu zikawa mahali pake, skrini ikazima.

Walitoka wameshikana mikono. Mkewe akawatazama kwa mshangao. "Mmekuwaje? Yule kijana ametoka anacheka, nyie mnatoka kama mmeona kaburi."

"Kijana gani?"

"Si huyo uliyemtuma nyumbani akarekebishe mtandao? Nimemwelekeza njia sasa hivi tu."

Nyumbani alikuwa mama mkwe, na mtoto wao mchanga. Bisibisi akapiga simu, vidole vikikosea namba. Ikapokelewa.

"Mama! Mtu akija msimfungulie!"

"Mgeni wako? Mbona ameshafika, baba," mama mkwe alisema kwa furaha. "Mpole kweli, amempakata mtoto. Ila huu mlango umeingiwa na nini? Nimetoka nje kuanika nguo, najikuta nimerudi sebuleni."