Malka Juu ya Kitanda

Mwaringa aliapa kwamba hakuchora mtu. Alichora mto, akachora msitu wa upande wa kijiji cha Hewani na njia ya ng'ombe inayoteremka hadi malkani, pale mifugo inaponyweshwa, kisha akaongeza mawingu kwa sababu rangi nyeupe ilibaki. Watu hapana. Wagonjwa wengi wa zahanati ile walikuwa Waislamu, naye alishaonywa asiwachoree kiumbe chenye roho.

"Basi yule ni nani?" Nuria, muuguzi wa zahanati, alimuuliza, akinyoosha kidole darini.

Chini ya mkuyu, ukingoni mwa maji, alikaa mtu mdogo kama punje ya mtama, amewapa mgongo.

"Labda ni unyevu tu, sista," alisema Mwaringa. Akakusanya brashi zake mbiombio, na mtu anayeamini habari ya unyevu hakimbii namna ile.

Picha ile ilikuwa wazo la Nuria mwenyewe. Ulikuwa mwaka wa tisini na nane, maji ya El Nino yameshuka, na zahanati moja ya watu binafsi hapo Garsen ilikuwa imepata mashine ya kupiga picha ya tumbo. Waja wazito waliiogopa kuliko mamba. Chumba cha giza, jenereta inanguruma nje, jeli baridi tumboni, na kioo kinachomchungulia mtoto kabla Mungu hajamleta! Walitetemeka mpaka picha ikawa ukungu mtupu. Ndipo Nuria, binti wa wafugaji aliyekulia kando ya Tana, akaomba dari ichorwe, akawa anawaambia kwa upole, "Tazama juu, dada. Teremka malkani polepole. Kaa kivulini, usikilize maji." Wakatulia ajabu. Daktari akamsifu. Naye Nuria, kila alipomaliza na mmoja, aliita tu, "Namba inayofuata!"

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa la mtu wa mto aliyevaa viatu vya kazini akasahau alikotoka. Kila mtoto wa pale hufunzwa kwamba ukikaa kupumzika malkani, huinuki mpaka mwenzako akuite kwa jina nawe uitike. Mto una wenyewe. Asiyeitwa huinuka mwili peke yake, roho ikabaki.

Bishara, mdogo wake wa pekee, alikuwa ameharibikiwa na mimba mbili. Alipokuja na ya tatu alijifunika leso yake ya manjano hadi puani.

"Dada, naogopa."

"Nenda malkani, mpenzi. Mimi nipo hapa."

Bishara akatazama juu, mikono ikalegea. Moyo wa mtoto ukaonekana unadunda kwenye kioo, na Nuria akalia kwa furaha. Nje foleni ilikuwa inapiga kelele. Akajifuta machozi, akaita namba inayofuata.

Haikupita wiki, Guled, mume wa Bishara, akaja zahanati amekunja uso.

"Shemeji, mke wangu haogopi kitu," alinong'ona. "Nyoka amempita mguuni, hakushtuka. Hali chakula. Hazungumzi. Na kitanda chetu kinanuka tope la mto, ilhali nyumba ni kavu."

Nuria aliingia chumba cha mashine, akawasha taa, akainua macho. Chini ya mkuyu hakuwa tena mtu mmoja. Waliketi wengi, safu kwa safu, wote wamempa mgongo, na wa mwisho kwenye safu alikuwa amejifunika leso ya manjano.

Alimwita Maalim Halkano, mganga wa kusoma dua ambaye pia aliujua mto. Mzee alipoingia tu alifunika pua kwa kilemba. Walimlaza Bishara kitandani, macho wazi, tumbo limeanza kunywea.

"Atakwisha, na mtoto atakwisha naye," Maalim alinong'ona. "Nitasoma njia ifunguke. Wewe uliyempeleka ndiye utakayemwita. Lakini nisikilize, binti yangu. Mtu wetu huitika jina likiisha. Akiitika mtu kabla jina halijaisha, huyo si yeye. Funga mdomo, usimkaribishe. Akishaingia hatoki, ila kwa kuuangusha mwili ufe pamoja na kilichomo tumboni."

Akaanza kusoma. Jenereta ikazima yenyewe, na katika kimya kile maji yakasikika, kwanza mbali, kisha juu ya vichwa vyao, kisha ndani ya kuta, na harufu ya tope na majani yaliyooza ikajaa chumbani mpaka Nuria akahisi anaimeza, na sauti ya mzee ikazama ndani ya maji yale hata akabaki yeye peke yake na dari ile na mgongo ule mdogo wa manjano aliokuwa akiubeba mbelekoni tangu mama yao alipokufa.

"Bisha—"

"Abee!"

Ilikuwa sauti yake hasa, changamfu, tamu, ya siku alipoolewa. Nuria alijua. Nasema alijua, asidanganywe mtu. Lakini alikuwa amemkosa mdogo wake kiasi kwamba mdomo ulimtangulia.

"Njoo," alisema.

Bishara akaketi kitandani, akacheka, akaomba chakula.

"Aliitika lini?" Maalim aliuliza.

"Jina lilipoisha," Nuria akajibu, akitazama sakafu.

Guled alichinja mbuzi. Majirani wakaja, Bishara akawapakulia, akawatania, tumbo likajaa vizuri. Maalim Halkano hakuonja hata mchuzi.

Siku ya pili Nuria alirudi chumbani. Migongo yote ilikuwa palepale, imetulia, ila ule wa manjano haukuwa mgongo tena. Ulikuwa umegeuka. Uso mdogo ulimtazama moja kwa moja, mdomo umeachama, na katika halaiki ile yeye peke yake ndiye aliyekuwa na hofu.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia Guled na ngazi na ndoo ya chokaa, na nyuma yake Bishara, mkono juu ya tumbo.

"Dada, picha hii inanitisha," alisema, akitabasamu. "Daktari amekubali ipakwe."

Nuria alitaka kupiga ukelele. Akaliangalia tumbo lile, na mkono ule ukilipapasa taratibu, na macho yaliyokuwa yakimngoja aseme neno. Mtoto alicheza. Leso mpya ikatikisika.

"Shika ngazi, shemeji," alisema Guled. "Inayumba."

Akashika. Brashi ikapita juu ya mawingu, ikapita juu ya msitu, ikaanza kuteremka na njia ya ng'ombe kuelekea mkuyuni, na matone ya chokaa yakamdondokea Nuria usoni asiyafute, kwa maana kutoka juu, kwa sauti ndogo ambayo hakuna mwingine aliyeonekana kuisikia, mtu alikuwa anasema, "Dada, naogopa."